Klia, vanishi au rangi: makabati yangu ya jikoni niliyapaka mara mbili

Makabati yangu ya kwanza ya jikoni yalipendeza kwa wiki tatu. Wiki ya nne mlango wa chini ya sinki ukaanza kuwa mweupe ukingoni, kama mguu wa mtoto aliyeoga akakimbia kabla hajapakwa mafuta. Nikafuta, weupe ukarudi. Baada ya miezi michache ukipitisha ukucha pale polishi inabanduka kama ganda la kitunguu. Na hiyo ilikuwa mninga, mbao niliyoilipia kwa kujibana mwaka mzima.

Nilitumia miezi kuchagua mbao, siku mbili kuchagua vishikio vya droo, na dakika tano kuchagua kitu kitakachokaa juu ya mbao. Fundi aliniuliza, "Dada, tupige klia?" Nikamjibu, "Piga tu fundi, ilimradi ing'ae." Ikang'aa kweli.

Wageni wakija hapa Luchelele, Mwanza, wakaona makabati ya sasa huniuliza nimepaka nini. Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotaka, wengine hulikatiza kwa kuomba maji. Wewe unaweza kusoma mpaka mwisho au ukaruka.

Kitu ambacho mafundi wetu wengi wanakiita klia, na wengine wanaita polishi tu, ni laka ya nitroselulosi. Inachanganywa na tina, yaani kiyeyusho cha kuizimua, inapulizwa kwa kompresa, inakauka kwa dakika chache. Fundi anaipenda kwa sababu asubuhi anapuliza sila, lile tabaka la kwanza la kuziba matundu ya mbao, anapiga msasa, mchana anapuliza klia, jioni anadai hela yake. Simlaumu. Wala si kitu kibaya. Tabaka jipya linaliyeyusha kidogo lile la chini na kushikana nalo, kwa hiyo mkwaruzo unarekebishika bila kung'oa kila kitu. Kitanda, kabati la nguo, meza ya sebuleni, mpaka leo ningesema piga hiyohiyo.

Jikoni ni habari nyingine. Laka hiyo haipatani na maji yanayotuama wala sufuria iliyotoka motoni. Mafuta ya kukaangia na jasho la mikono vinailainisha taratibu pale panaposhikwa kila siku. Ukitaka kujua jiko limepigwa klia, tazama kuzunguka vishikio vya makabati yaliyotumika miaka kadhaa: utaona sehemu inayonata, imeshika weusi, na sabuni haiuondoi.

Sasa juu ya hayo weka hali ya hewa ya Mwanza. Milango yangu ilipulizwa Aprili, asubuhi, mvua ikiwa imetoka kukatika, uani chini ya turubai. Tina inaruka upesi sana, na inaporuka inaupoza uso wa mbao, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji yanatua juu ya laka kabla haijashika, vilevile yanavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Klia inageuka maziwa. Fundi wangu alisema itajirudi yenyewe ikikauka. Wakati mwingine hujirudi. Yangu ilijirudi nusu, akapuliza tabaka jingine juu yake, na unyevu ukabaki humo ndani. Siku ya namna hiyo dawa ni kuahirisha. Ipo tina inayoruka polepole kwa ajili ya hali hiyo, lakini kuahirisha ni bure.

Halafu wale vijidudu vya ziwani. Anayeishi kando ya ziwa anawajua: mchana wanapanda juu ya maji kama nguzo ya moshi, usiku upepo ukiwaleta wanajazana kwenye kila taa. Milango miwili iliachwa barazani usiku, taa ikiwaka. Asubuhi ilikuwa na manyoya. Fundi aliiangalia kwa muda, akaniambia, "Dada, hii sasa ni nakshi." Nilicheka kwa sababu nilikuwa bado sijapiga hesabu.

Kwa hiyo kabla hujauliza dukani wana nini, jiulize jikoni kwako kunapikwa nini. Kwangu tunakaanga sato karibu kila wiki, dagaa mara nyingi zaidi, na ugali hauna siku ya mapumziko. Mvuke na mafuta vinapanda, vinatua kwenye milango ya juu ya jiko. Maji ya vyombo yanachirizika kwenye milango ya chini ya sinki. Kuna pia mkaa, maana umeme ukikatika na gesi ikiisha siku moja, maisha lazima yaendelee. Mtu anayechemsha chai tu na kula hotelini anaweza kupaka chochote.

Nilipoamua kurudia, nilichukua chaki nikaweka alama kwenye milango inayoteseka. Kati ya milango 14, inayoteseka kweli ilikuwa mitano: miwili chini ya sinki, mmoja ubavuni mwa jiko, miwili juu yake. Iliyobaki ilikuwa haijapata hata mkwaruzo. Hiyo ilinipunguzia gharama, kwa sababu hakuna sheria kwamba jiko zima lazima lipakwe kitu kimoja, ilimradi mng'ao ulingane. Milango ya juu iliyo mbali na jiko niliiacha na klia yake.

Ile mitano niliipaka vanishi ya mafuta, aina ya poliuretheni, ya kopo la kawaida, kwa brashi. Mzee mmoja fundi seremala ndiye aliyenishauri. Nilimwambia nataka kitu kigumu kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, kikikwaruzika nani atakuja kukirekebisha?" Sikuwa na jibu. Akasema basi chukua kitu ambacho wewe mwenyewe unaweza kukirudia kwa brashi Jumamosi moja.

Vanishi hii haikauki kwa kuruka tina peke yake. Inavuta oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mpya, ndiyo maana inachukua siku nzima kwa kila tabaka, na siku za mvua mbili. Ndiyo maana pia maji ya sinki na mafuta ya moto yanaishindwa. Ubaya wake ni huo uvivu wa kukauka, maana vumbi na vijidudu vinapata muda wa kutosha kutua. Nilifanya kazi Julai, kiangazi, chumbani, mchana, madirisha yamefunguliwa ila nimeyafunika kwa chandarua cha zamani. Jua likianza kuzama nilifunga madirisha na kuzima taa ya chumba hicho.

Kuondoa klia ya zamani hakukuwa vita niliyoiogopa. Laka inayeyuka kwa tina: unalowesha kitambaa, unakilaza juu ya mlango, unasubiri kidogo, unakwangua. Fanya nje, kwa sababu ile harufu inapanda kichwani, na weka mbali jiko la mkaa. Baada ya hapo msasa namba 120, halafu 180, halafu 220, kila mara ukifuata mshipa wa mbao. Ukiukatisha utaona mikwaruzo yako yote siku ya vanishi, wala haitafutika tena. Tabaka la kwanza nililizimua kidogo ili liingie ndani ya mbao. Kati ya tabaka na tabaka nilipitisha msasa 320 kwa mkono mwepesi, nikafuta vumbi. Matabaka matatu membamba. Mzee alinikuta nikipaka kwa ukarimu, akanipokonya brashi: tabaka nene linakauka juu, chini linabaki bichi, kisha linakunjamana.

Jambo ambalo fundi wa kwanza alilikwepa, na naona wengi wanalikwepa, ni upande wa ndani wa mlango na kingo zake. Mbao inavuta unyevu na kuutoa, ikitanuka na kusinyaa kwa upana wake. Ukipaka uso wa mbele tu, nyuma inaendelea kunywa unyevu, mbele haiwezi, na mlango unapinda kama ulimi. Ukingo wa chini ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu hapo matundu ya mbao yamekatwa wazi na maji yanapanda kama mafuta kwenye utambi. Mlango wangu wa sinki ulianza kubanduka hapohapo. Paka ukingo wa chini kwanza, na uurudie mara moja zaidi ya sehemu nyingine. Tundu la bawaba pia, na mahali bomba linapopita.

Vanishi ikikauka mkononi bado haijakomaa. Inaendelea kuwa ngumu kwa wiki kadhaa. Mama mkwe alikuja siku ya nne akatundika kitambaa kibichi cha vyombo juu ya mlango. Sikuthubutu kumwambia kitu, heshima, ila akilala nilikuwa nakiondoa.

Mbao nayo ina tabia zake. Rafu moja ilikuwa ya mvule, nikaipaka vanishi ileile siku ileile. Milango ya mninga ikakauka, rafu ikanata wiki nzima. Mvule ina kemikali yake ya asili inayozuia vanishi ya mafuta kukauka, na mtiki una ugomvi unaofanana. Unaifuta mbao kwa tina, na ikishakauka unapaka bila kuchelewa. Au unatanguliza tabaka la shelaki iliyotolewa nta, litenganishe. Shelaki peke yake jikoni sikushauri. Ni utomvu wa mdudu unaoyeyushwa kwa spiriti, unapendeza sana, lakini kikombe cha chai kinaacha duara jeupe.

Paini, iwe ya shamba la miti la Sao Hill au la Rubya kule Ukerewe, mara nyingi inafika bado ina maji. Ukiipaka hivyo, lolote utakalopaka litapasuka ikisinyaa. Ipange kivulini, weka vijiti katikati ili hewa ipite, uisubiri. Ukiipaka rangi ya kuifanya ifanane na mninga inatoka madoadoa, kwa sababu inainywa rangi bila usawa. Mimi kwa paini napendelea rangi ya mafuta isiyo na aibu, kijani au krimu, na nundu zake uzizibe kwanza kwa shelaki, la sivyo utomvu utapenya na kutoa doa la kahawia. Rangi ya mafuta ndiyo pia dawa ya MDF. Hizo mbao za unga zikipata maji ukingoni zinavimba kama mkate kwenye chai, na hazirudi.

Na ile poliuretheni ya makopo mawili, yenye hadina, yaani dawa ya kuikomaza inayochanganywa kabla ya kupaka? Ndiyo ngumu kuliko zote nilizozitaja. Ukiwa na fundi anayepima hadina kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, ana sehemu ya kupulizia isiyo na vumbi, na ana barakoa yenye vichujio vya kemikali, mpe kazi. Ile ya kitambaa haimsaidii: hadina ina kemikali zinazoweza kumwachia pumu ya maisha. Ukimwona anakadiria hadina kwa macho, mshukuru, umtafute mwingine. Ikizidi au ikipungua haikomai inavyotakiwa, na mchanganyiko ukishaanza kushika ndani ya kopo ni wa kutupa. Kumbuka pia ikishakauka tina haiiyeyushi, kwa hiyo kasoro ya sentimita moja inaweza kukulazimisha kupiga msasa mlango mzima. Sikuikataa kwa ubaya. Huku ninakoishi sikumpata fundi wake.

Kuhusu mng'ao, nilichukua wa wastani. Unaong'aa kama kioo unaonyesha kila kidole, na dirisha langu linatazama magharibi, jua la jioni linaingia kutoka ziwani mpaka ndani ya droo. Usiong'aa kabisa nao unashika mafuta. Jua hilohilo linaifanya vanishi ya mafuta iwe ya njano kadiri miaka inavyopita. Juu ya mninga huwezi kugundua. Juu ya mbao nyeupe utaona, na hapo tafuta vanishi ya maji, haina njano hiyo.

Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha mbao ileile, si kwenye kibao cha sampuli cha dukani. Kikikauka kimwagie maji, weka chai ya moto, kipake mafuta ya samaki, kiache usiku kucha. Na matambara yaliyofutia vanishi au mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo. Yanapokauka yanatoa joto, yakiwa yamelundikana yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje, au yaloweke kwenye maji.

Usafi ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Stiliwaya ibaki kwenye sufuria. Nililisema hilo nyumbani mara nyingi mpaka nikapewa jina.

Sasa mlango wa chini ya sinki una miaka minne. Mwaka jana ukingo wake wa chini ulianza kufifia, nikaupitisha msasa 320, nikapaka tabaka moja jioni, asubuhi ya pili tukautumia. Vanishi niliyotumia ilikuwa imebaki kwenye kopo, imefanya ngozi juu, nikaitoboa.

Jirani yangu naye ana milango kumi na mmoja ya mkongo imeegemezwa ukutani, mizuri ajabu. Fundi wake anataka kupuliza klia wiki hii, kwa sababu wiki ijayo ana kazi Geita. Nimeenda kumwambia asubiri Juni. Amesema watoto wake wamechoka kutoa sahani kwenye ndoo. Leo mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, na nilipopita nimeona turubai limeshafungwa uani.