Mtego umejaa nondo, mbona mahindi bado yanaliwa?

Mama mkulima, Kavumu: Mtego tuliotundika shambani hujaa nondo kila asubuhi, lakini mahindi yanazidi kuliwa. Tumeuziwa uongo?

Hapana, Mama. Kile kipande cha mpira ndani ya mtego kinatoa harufu ya nondo jike wa kiwavi jeshi vamizi, yule kiwavi anayekula mahindi yako na akikua huwa nondo, kwa hiyo wanaokuja ni madume. Wanaotaga ni majike, na dume mmoja aliyebaki anatosha kupandana na majike kadhaa. Mtego unakupa habari kwamba mdudu amefika, basi. Ukiona nondo wameongezeka, usingoje: ingia shambani, geuza majani, ponda mayai yaliyolundikana chini ya manyoya kama pamba, kisha pekua moyo wa mhindi. Kiwavi mchanga huacha madirisha meupe kwenye jani. Akishazama ndani ya moyo, hata dawa humfikia kwa shida. Inaniuma kuona watu wanahesabu nondo huku shamba linakwisha.

Mwanafunzi wa kemia, Bagira: Harufu yenyewe ni kitu gani?

Jike huitengeneza kwa asidi za mafuta, katika tezi iliyo ncha ya tumbo. Mwaka 1959 Adolf Butenandt na wenzake, Ujerumani, walitangaza ya kwanza kutambuliwa, bombikoli, baada ya kukamua tezi za nondo wa hariri wapatao 500,000. Hiyo ni alkoholi ya kaboni 16.

Ya mdudu wetu ni mchanganyiko wa esta za asidi asetiki. Iliyo nyingi ina mnyororo wa kaboni 14, na kifungo maradufu kikianzia kaboni ya 9. Nyingine ni kidogo sana, kaboni 12, kifungo kwenye ya 7, lakini ukiiondoa mtego hunasa wachache mno. Uwiano ndio unaomwambia dume kwamba huyu ni wa kabila lake.

Ndugu wa Kadutu: Dume anafikaje gizani?

Kwa vipapasio. Akinusa, anaruka kuelekea upepo unakotoka. Harufu ikimpotea, anayumba kulia na kushoto mpaka aipate tena.

Yaya wa Ibanda: Kuna mnyama mwingine mwenye harufu hiyo?

Yupo! Ile ya kaboni 12. Mwaka 1996 wanasayansi walitangaza kuikuta katika mkojo wa tembo jike wa Asia anapokaribia kupata mimba, na tembo dume huifuata.