Beleshi Likageuka Korongo: Kutengeneza Sanamu za Chuma Nyumbani

Korongo wangu wa kwanza alikuwa beleshi lisilo na mpini. Nililikuta kwenye rundo la vyuma chakavu mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, limelala kifudifudi, mgongo umebinuka, nikamwona ndege palepale. Kabla ya hapo nilikuwa nachora simba kwanza, kisha nazunguka kutafuta chuma cha kufanana naye. Sikumaliza hata mmoja.

Kwa hiyo ukienda kununua, acha mchoro nyumbani. Geuzageuza vitu. Mnyororo wa pikipiki tayari ni nyoka, jembe lililolika ni mkia wa jogoo, koleo bovu lenye mdomo mrefu ni kichwa cha korongo, na nondo ya milimita 12 ni miguu yake. Unapimiwa kwa kilo. Nenda na nguo za kazi. Wakisikia "sanaa" bei inapanda.

Aliyenitia adabu ni kobe. Gamba lake lilikuwa karai la zege lililotoboka, na makarai mengi yamepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma chenyewe huyeyuka karibu na 1,500, hivyo ukichomelea inafuka moshi mweupe. Niliuvuta mchana kutwa nikiwa nimejifungia kibandani. Usiku nikashikwa na homa, baridi, viungo vyote vinauma. Nikakimbilia kupima malaria: hakuna. Mafundi wakanicheka, wakaniambia ninywe maziwa. Maziwa hayazuii moshi, jamani! Siku hizi miguu ya kobe, ambayo ni spana nne mbovu, naifunga kwa bolti. Isitoshe, bati la karai ni jembamba, moto ungelitoboa tu.

Shokapu nazo usizipeleke kwenye moto kabisa. Ndani kuna mafuta, nyingine zina gesi, na zinaweza kulipuka.

Sanamu ya sebuleni isimamishe juu ya diski ya breki, ubandike vipande vya tyubu chini ili isikwaruze vigae.

Ya bustanini ni shughuli nyingine, hasa kwetu Kigamboni penye upepo wa chumvi. Miguu huanza kuoza pale inapokutana na udongo, basi ipandishe kwenye zege lililoinuka kidogo. Piga rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Wiki ya kwanza kunguru walimwogopa korongo wangu. Sasa wanamtua kichwani na kumchafua, kwa hiyo kila masika yakiisha namsugua msasa na kumpiga mkono mwingine.