Mtoto asiyeweza kuamini, anaitwa mkanamungu?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Nina mtoto wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo. Hasemi, wala haelewi tunayomwambia, ila sauti yangu anaijua. Mtoto wa dada yangu anasoma chuo. Likizo hii alituambia kwamba mkanamungu ni yeyote asiye na imani ya Mungu, kwa hiyo vichanga, paka na hata huyu mwanangu ni wakanamungu. Nimelia sana. Je, ni kweli? Na mwanangu akifariki, atasaliwa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, nianze na la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Mwanao ni Mwislamu. Mauti yakimfika ataoshwa, atakafiniwa, atasaliwa na kuzikwa na Waislamu wenzake. Mtoto hufuata hukumu ya wazazi wake, na akibaleghe bila kupata akili, hukumu ni ile ile. Kumbuka Ramadhani inapoisha, baba yake anapopima mchele wa zakatul fitri, pishi moja kwa kila kichwa, karibu kilo mbili na nusu. Akihesabu watu wa nyumba, mwanao yumo. Basi fitri haitolewi kwa niaba ya asiyekuwa Mwislamu. Kila mwaka mnaitoa shahada yake kwa mikono yenu.

Sasa nije kwa maneno ya kijana. Hayakuanza kwake. Paul-Henri d'Holbach, mwanafalsafa aliyeishi Paris, aliandika mwaka 1772 kwamba watoto wote huzaliwa wakanamungu kwa kuwa hawana fikra yoyote ya Mungu. Na nusu ya maneno hayo hatuyapingi. Mwenyezi Mungu mwenyewe anasema katika Suratun Nahl, aya ya 78, kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui chochote. Kosa liko kwenye jina wanalopewa watoto hao.

Lisikilize neno letu wenyewe: mkana Mungu. Kukana ni kitendo. Mtu hukana deni alilodaiwa, hukana mtoto aliyeletewa, hukana maneno aliyoyasema jana. Asiyewahi kudaiwa hana cha kukana. Kiarabu nacho kinasema hivyo hivyo. Asili ya neno kufuru ni kufunika, na ndiyo maana katika Suratul Hadid, aya ya 20, wafasiri wengi wanasema neno kuffar limekusudia wakulima, kwa kuwa huifunika mbegu udongoni. Mwenye kufunika lazima awe na kitu mkononi. Na mulhidi, ambalo ndilo jina khasa la mkanamungu, limetoka pamoja na lahd, ule mwanandani tunaouchimba ubavuni mwa kaburi. Umeitwa hivyo kwa kuwa umepinda, umeacha katikati ya shimo. Hapindi ila aliyekuwa na njia.

Wanazuoni wa mantiki wana mlango mzima juu ya jambo hili. Wanasema upofu ni kukosa kuona kwa kile ambacho kwa maumbile yake ni cha kuona, kwa hiyo ukuta hauitwi kipofu ingawa hauoni. Mwambie kijana atazame paka wa nyumbani anapozaa. Vitoto hutoka macho yamefumba, vikakaa hivyo wiki moja, pengine mbili, vikipapasa titi la mama yao. Hakuna mtu hapo nyumbani atakayesema paka amezaa vipofu. Tunasema havijafumbua macho. Ikiwa tunavifanyia insafu vitoto vya paka, mwanadamu tumnyime?

Hapa yatupasa tuwe waangalifu sisi pia, tusiruke upande wa pili tukasema kichanga anaamini kama unavyoamini wewe. Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema katika hadithi ya Abu Huraira waliyoipokea Bukhari na Muslim kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, yaani maumbile yake ya asili, kama mnyama anavyozaa mnyama mzima. Je, mnamwona kati yao aliyezaliwa amekatwa masikio? Wengi wamesema fitra hiyo ni Uislamu wenyewe. Mwanazuoni Ibn Abdil Barr alielekea kwenye kusema kwamba ni uzima wa maumbile, utayari wa kumjua Mola, na akaitolea hoja aya ile ile ya Suratun Nahl. Kwangu mimi kauli hii inaifuata hadithi kwa karibu zaidi, kwa ajili ya huo mfano wa masikio. Lakini ushike kauli yoyote katika hizo mbili, ukanushaji hauna mahali pa kuingilia. Mwanao hajakatwa sikio. Na kalamu imeinuliwa, yaani hawaandikiwi dhambi, kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka apate akili.

Ama paka na mawe, Qur'ani inatuambia hakuna kitu ila kinamtakasa Mola kwa sifa zake, lakini hatufahamu kutakasa kwao. Iko katika Suratul Israa, aya ya 44. Amepokea Bukhari kwamba Mtume alikuwa akihutubu kando ya gogo la mtende msikitini Madina. Alipotengenezewa mimbari akaliacha, gogo likalia. Akashuka, akalikumbatia, nalo likawa linagugumia kama mtoto anayebembelezwa, mpaka likatulia. Gogo kavu, mama, halina ulimi wala ubongo. Nani basi atakayethubutu kusema anajua kilichomo ndani ya mwanao?

Kijana usimpige jina, wala msimfukuze barazani. Ameleta hoja, naye ajibiwe kwa hoja. Msomee haya mkiwa mmekaa, akiwa na neno aniletee. Ila mwambie pia kwamba amemuumiza mama yake mdogo, akuombe radhi.

Na mtoto, muda wa sala ukifika mtandikie mkeka karibu yako. Kama ana nepi yenye najisi usimbebe ndani ya sala, mwache akae ubavuni. Ukisoma, soma kwa sauti anayoijua.