Fundi Anajibu: Shawa ya umeme inatoa maji kiduchu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Shawa yetu ya umeme ilipofungwa ilikuwa ikitoa maji ya kutosha. Siku hizi yanachuruzika tu, upande mmoja hautoi kabisa, na nikiosha nywele inabidi nisuuze kwa kopo. Koki ya sinki humo humo bafuni inatoa maji vizuri. Fundi aliyekuja amesema ninunue pampu. Shemeji yangu anasema tupanue matundu kwa msumari wa moto. Nimsikilize nani?
Mama Mwenye Kopo

JIBU: Mama, anza kwa kumzuia shemeji, maana msumari anao tayari. Ndani ya shawa nyingi za aina hii kuna kiwambo cha mpira. Maji yakiingia yanabanwa kidogo na yale matundu madogo, yanakisukuma kiwambo, nacho ndicho kinachoruhusu umeme ufike kwenye koili, ule waya unaopasha maji. Ukipanua matundu, maji yanapita bila kubanwa na kiwambo hakisogei. Utaoga maji ya baridi, na sahani ya matundu umeshaiharibu.

Pampu nayo ingoje. Shawa iliyoanza vizuri ikafifia polepole, mara nyingi imeziba mahali. Ila hiyo koki ya sinki usiiamini sana, kwa sababu iko chini ya shawa kwa karibu mita nzima. Maji ya tangi husukumwa na kimo chake: kila mita 1 ni kama bar 0.1 ya presha. Kama tangi lako liko darini tu, mita moja si kitu kidogo.

Kipimo cha haki ni hiki. Zima swichi kuu ya nyumba, siyo ile ya bafuni peke yake. Funga maji, shusha shawa, halafu achia bomba tupu litiririke kwenye ndoo huku unaangalia saa. Ndoo ya lita 10 ikijaa ndani ya dakika moja hivi, bomba halina kosa. Kama nyaya huzijui, mwite fundi umeme afungue yeye, na usimwache aondoke kabla hujauona waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umerudi mahali pake. Hapo sitanii.

Shawa ikiwa mkononi, chungulia pale maji yanapoingilia. Mara nyingi kuna chujio la wavu, na utakuta limejaa mchanga na magamba ya kutu. Nyingine zina kidude cha plastiki chenye tundu dogo, kilichowekwa kwa ajili ya nyumba zenye presha kubwa. Kwa tangi la chini kinakunyima maji bure. Kitoe kama maelezo ya shawa yanaruhusu. Kisha fungua sahani ya matundu uiloweke kwenye siki usiku kucha. Asubuhi ule ukoko mweupe unatoka kwa mswaki, na tundu lililobaki bishi lizibue kwa pini. Kwa kuwa upande mmoja umekufa kabisa, dau langu liko hapa.

Ukishaifunga tena, acha maji baridi yapite mpaka yaache kukohoa hewa, ndipo uwashe umeme. Koili ikiwaka bila maji inaungua.

Bomba tupu nalo likiwa dhaifu, angalia kwanza kama kuna valvu iliyofunguliwa nusu, kisha fikiria kuinua tangi. Pampu ije mwisho, na usome kwanza kwenye shawa presha ya juu inayoruhusiwa. Tena ujue joto halitaongezeka: shawa ya wati 5,000 inapandisha lita 7 kwa dakika kwa nyuzi 10 hivi, au lita 3 na nusu kwa nyuzi 20. Maji yakija mengi yatakuwa vuguvugu, kwa hiyo utalazimika kubana koki kidogo asubuhi za baridi.