Mtu wa shoto na bunduki ya mjomba

SWALI: Mimi ni wa shoto, nimeanza kulenga shabaha. Mjomba anataka kuniuzia bunduki yake ya .22 (ya risasi ndogo) ya bolti, ile ya kuvuta komeo la chuma kila risasi, lakini mkono wa bolti uko kulia. Ninunue? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Ndugu yangu, nami ni wa shoto; utotoni nilipigwa vidole kwa kula ugali kwa mkono huo. Kabla ya bei, tuulize jicho. Macho yote wazi, nyooshea kidole kilele cha jengo la KICC, kisha fumba moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi peke yake kidole hakihami, ndilo kuu. Likiwa la kulia, jaribu kuzoea bega la kulia, na ya mjomba itakufaa.

Likiwa la kushoto, inategemea unavyopiga. Bunduki ikiegemea mfuko wa mchanga, si balaa: mkono wa kushoto unabaki kwenye kifyatulio, wa kulia unavuta bolti. Nimepiga hivyo miaka minne. Shida ni kusimama. Hapo wa kulia ndio umebeba bunduki, kwa hiyo wa kushoto unavuka juu, shavu linabanduka kwenye kitako cha bunduki, shabaha unaitafuta upya kila risasi. Inachosha! Kitazame pia kitako: kikiwa na uvimbe wa kuegemeza shavu upande wa kushoto, kimechongewa mtu wa kulia. Na vaa miwani, maana uso wako uko upande ganda la risasi linakorukia.

Za shoto zipo: Savage Mark II, CZ 457, Anschütz. Ila leseni kwanza, kutoka Bodi ya Leseni za Silaha. Mjomba asikukabidhi chochote mkinywa chai.