Shangazi, tulienda kruzi ya ziwani na sasa mimi na baba watoto hatuongei

Shangazi habari. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 6, wa miaka 4 na mdogo wa mwaka mmoja na nusu, tunaishi Nakuru. Mwaka jana niliweka pesa kwa chama pole pole mpaka ikafika 84,000 nikalipia familia kruzi ya siku tatu Ziwa Victoria, kutoka Kisumu mpaka kisiwani na kurudi, kila kitu ndani. Baba watoto alitaka twende kwao Kakamega kama kila Desemba, mimi nikasisitiza. Boti ilifaa kutoka saa mbili asubuhi, ikatoka karibu saa saba mchana juu gugumaji, yale magugu yanayoelea ziwani, lilikuwa limefunga gati. Tukifika katikati mawimbi yakaanza. Msichana akatapika, kijana nikampa simu aangalie katuni atulie, akatapikia simu, mdogo hakutapika lakini alilia masaa manne. Laifjaketi za watoto hazikuwa, walivalishwa za watu wazima. Baba yao alikaa upande ule mwingine ameshika chuma, hakuvua jaketi hata wakati wa kula, hakuja kunisaidia. Kisiwani walicheza kidogo kwa maji hapo ufukweni, halafu mvua, stima ikapotea, tukalala wote watano kitanda kimoja neti moja. Tukirudi akaniambia tu "si nilikuambia". Sasa ni wiki tatu tunaongea mambo ya karo na gesi peke yake. Na shida ingine, nilituma picha kumi kwa group ya familia, zote tunacheka, sasa wifi yangu anataka twende familia nne mwezi wa nne na mimi ndio nipange. Nilifanya ujinga? Kwetu nikiwa darasa la nne kulikuwa na kalenda ya meli nyeupe ukutani, nilitaka tu watoto wangu wapande.
Mama wa Watatu, Nakuru

Mama wa Watatu, pole. Nasema pole kwanza kabla ya kitu kingine chochote juu nimesoma barua yako yote na sijaona mahali mtu amekuambia hilo neno, kutoka huyo wa boti mpaka huyo wa nyumbani, na wewe ndio ulikuwa umeshika mtoto mmoja kwa mkono huu, na ule mwingine umeshika karatasi ya kutapikia.

Ujinga hukufanya. Uliuziwa safari ya asubuhi ukapewa ya mchana, na kwa hili ziwa hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Mimi nimezaliwa Kisumu, nimezeekea hapa, wacha nikuelezee vile iko. Usiku na asubuhi upepo unatoka nchi kavu unaenda majini, ni wa pole, ndio maana utaona wavuvi wa omena wanarudi alfajiri maji yametulia kama chai kwa sahani. Jua likipanda nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, upepo unageuka, unaanza kutoka ziwani kuja mjini, na kuanzia saa sita saa saba hivi unakuja na nguvu. Sasa boti inayotoka Kisumu saa hiyo inaenda ikiangaliana na upepo uso kwa uso njia yote. Na hii ghuba yetu ya Winam haina kina sana, kwa hivyo mawimbi yake ni mafupi yamebanana, hayakubembelezi, yanakugonga tu gonga gonga gonga. Hiyo ndio ilikuwa hiyo masaa yako manne.

Gugumaji nalo si la kulaumu mtu, liko hapa tangu miaka ya 1990, upepo unalisukuma huku leo kesho linaenda kule, unaweza kulala gati liko wazi uamke ukute ni kama shamba la sukuma wiki. Lakini mtu anayeuza tiketi kwa hilo gati kila siku anajua. Ikifika saa nne na boti haijatoka, na kuna watoto wadogo, ungeambiwa mama, lala mjini tutatoka kesho saa kumi na mbili. Hawakukuambia. Hapo ndipo kosa liko, na si kwako.

Kuhusu kutapika, naona umejilaumu kwa ile simu, umeitaja mara moja tu lakini naisikia. Ni hivi, sikio la ndani linahisi mwili unayumba, macho yakiangalia kitu kimesimama karibu yanasema hapana hatuyumbi, ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndio linalipa. Katuni inafanya macho yabaki hapo hapo karibu. Wengi hatujui hiyo mpaka tufundishwe. Mimi nilifundishwa 1973 nikiwa na miaka saba, mama alitupeleka Mwanza na meli ya Victoria, ile iliyoanza kazi 1961 ikizunguka Kisumu, Mwanza na Bukoba kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Alitandika leso katikati ya meli, si mbele si nyuma, katikati ambapo haipandi na kushuka sana, akatuambia angalieni kule mbali mahali maji yameshikana na mbingu, atakayeangalia miguu yake hapati chungwa. Mpaka leo nikinusa ganda la chungwa nasikia na harufu ya mafuta ya injini.

Watoto wa kama miaka 2 mpaka 12 ndio hushikwa zaidi na hii kitu, na wa chini ya miaka miwili huwa haiwasumbui sana. Kwa hivyo huyo mdogo wako hakuwa mgonjwa. Alikuwa amepita saa yake ya kulala, ana joto, yuko ndani ya jaketi la mtu mzima linamfinya kidevu. Hata mimi ningelia.

Hilo jaketi nalo sitaki lipite hivi hivi. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni kama hakuna, akianguka majini linabaki juu yeye anapitia chini. Andika malalamiko, tarehe, saa mliyotoka, risiti ya pesa, na picha yoyote kati ya hizo kumi inayoonyesha watoto na hizo jaketi. Peleka kwa walioandaa uitishe sehemu ya pesa yako, na nakala upeleke KMA, Kenya Maritime Authority, hao ndio wanasimamia usalama wa vyombo vya majini. Wakikataa kurudisha kuna ile koti ya madai madogo, inasikiza kesi za mpaka shilingi milioni moja na hata wakili si lazima. Fanya hiyo hata kama pesa hutaipata, juu wiki ijayo kuna mama mwingine anapanda hiyo boti na mtoto wake.

Sasa baba watoto.

Nisome pole pole hapa. Umeandika kwamba alikaa ameshika chuma na hakuvua jaketi hata wakati wa kula. Umeliandika kama lawama, na lawama iko. Lakini mama, mwanaume amekalia mahali pamoja masaa manne anashikilia chuma, anakula na jaketi shingoni, huyo mtu unamwona akistarehe? Mimi namwona ameogopa sana. Mtu wa Kakamega hakulelewa na maji mengi hivyo, wengi wetu hatujui kuogelea, hata hapa Kisumu tunaoliona ziwa kila siku. Na yeye ana watoto watatu ndani ya hicho chombo na anajua kikipinduka hawezi kuokoa hata mmoja. Inawezekana nimekosea, wewe ndio unamjua. Lakini muulize.

Hiyo haimtoi makosani, nisieleweke vibaya. Uliogopa pia wewe na ukashika watoto. Na hiyo "si nilikuambia" ilikuwa ya kuuma, juu ilichukua kitu uliweka akiba mwaka mzima ikakifanya kesi yeye ameshinda. Naona pia ina mzizi wake, kwao Kakamega walimngoja Desemba na hakuenda, na pengine mama yake alipiga simu na wewe hukuisikia. Ningekuwa wewe ningengoja watoto walale, nizime TV, nisianze na pesa wala na Kakamega. Ningesema hivi, "Baba, ile siku kwa boti nilikuwa peke yangu na watoto wanatapika na nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa unaogopa?" Halafu unyamaze. Kunyamaza ndio kazi ngumu hapo, atakaa kimya, wewe usijaze. Akikuambia ndio, niliogopa, basi mna kitu cha kuongea usiku huo kuliko gesi. Akisema hapana, nilikuwa tu nimechoka, basi mwambie wazi kwamba safari ingine yoyote, hata ya kwenda kwao, mtoto mmoja ni wake kuanzia mlango wa nyumba mpaka mlango wa nyumba, amvalishe, amlishe, ampanguse. Mchague huyo mtoto kabla hamjatoka, mkiwa bado mnaelewana.

Turudi kwa kalenda. Uliiweka mwisho ya barua kama kitu kidogo na mimi nimekaa nayo tangu jana. Naijua hiyo kalenda, kila nyumba ilikuwa nayo, mwaka unaisha lakini haitolewi juu picha ni nzuri. Sasa nikuulize, nani alitaka kupanda meli? Huyo wa mwaka mmoja na nusu hatakumbuka kitu. Wa miaka minne atakumbuka kidogo sana kama atakumbuka. Ni wewe ulitaka, yule msichana wa darasa la nne, na ulipopata pesa ukaona aibu kusema ni yako ukasema ni ya watoto. Wamama tunafanya hivyo sana, tunanunua leso tunasema ni ya kubebea mtoto.

Na zile meli nyeupe za kalenda, zile kubwa, huwa zinatia nanga Mombasa zikija na watalii, hizo zina mabawa ya chuma huko chini kwa maji ya kupunguza kuyumba, zina vyumba vya watoto na watu wa kuwaangalia. Boti ya ziwani haina hayo, hata ingekuwa na wenyewe wazuri. Na hata huko kwa meli kubwa mtoto wa pampasi kwa kawaida haruhusiwi kuingia bwawa la kuogelea, na kuna kampuni hazichukui mtoto chini ya miezi sita. Yaani hata wenye pesa wakienda na watoto wadogo wanarudi wamechoka, wanatuma picha wakicheka.

Ndio nifike kwa picha zako. Mpigie wifi yako simu, usiandike kwa group, na umpigie wiki hii kabla hajaanza kuchangisha watu. Mwambie tu ukweli, picha zilikuwa za dakika zile nzuri, watoto waliugua, jaketi za watoto hazikuwa, siwezi kupanga familia nne kwenda tena, na mwezi wa nne ndio katikati ya mvua ndefu huku. Hatakuona mwongo. Kama yeye pia ana watoto wadogo atapumua. Na kama anataka lazima watu wakutane, mwambie mkutane Kakamega kwa mama, wewe utaleta samaki kutoka Kisumu. Hapo utakuwa umelipa na ile deni ya Desemba bila kuitaja jina.

Kuna kitu hukuuliza lakini siwezi kunyamaza. Umesema watoto walicheza kwa maji ufukweni. Ziwa letu lina kichocho, inaingia kwa ngozi mtu akisimama tu kwa maji ya kando. Haionekani mara moja, kwa hivyo ikifika kama miezi miwili tangu safari wapeleke kliniki wapimwe choo, waeleze daktari walikuwa Ziwa Victoria, dawa yake iko na inafanya kazi. Na kabla ya hapo, mtoto yeyote akipata joto usimpe tu dawa ya homa ukangoja, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Watoto wa Nakuru hawajaizoea kama wetu. Wewe na baba yao pia.

Halafu wewe. Mwezi wa pili hivi, Jumamosi moja, waache watoto na baba yao, ndio, wote watatu, kuku na ugali anajua kupika. Chukua rafiki mmoja wa hiyo chama, mkuje Kisumu Ijumaa jioni, mlale, asubuhi mapema mpande matatu mpaka Luanda Kotieno. Kuna feri hapo inavuka kwenda Mbita, inabeba magari na watu na kuku, ni kama saa moja majini, na asubuhi maji yametulia. Nauli ya mtu wa miguu haitakusumbua. Simama nje upande wa mbele ushike chuma, na usibebe mtoto wa mtu yeyote. Mbita kula ngege, yaani tilapia, na ugali, uvuke daraja uende kisiwa cha Rusinga uone kaburi la Tom Mboya, yule waziri wa zamani, kama una nguvu, kama huna ukae tu. Mrudi na feri ya mapema mtakayoweza kupata, msingoje upepo uzidi.

Msichana wako wa miaka sita umpeleke mwaka ujao, wewe na yeye peke yenu. Mtengee chungwa.