Kukandwa hakutoi sumu mwilini
Wateja huniuliza kama kukandwa kunatoa sumu mwilini. Hapana, sumu haitoki kwa kukandwa. Kazi hiyo ni ya ini na figo, na ile asidi ya laktiki, ambayo misuli huitengeneza wakati wa mazoezi na ambayo husingiziwa maumivu ya misuli, huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Nakanda watu kila siku, ninachokiona ni kingine: bega lililokaza kama ubao linalegea taratibu chini ya kidole gumba, mtu anashusha pumzi, usiku analala. Hilo linatosha kabisa, tusiwauzie wateja habari za sumu. Ila mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na shavu la mguu, yaani nyama ya nyuma chini ya goti, linauma, usiukande kabisa! Huenda damu imeganda kwenye mshipa, mteja aende hospitali kwanza.